Kelele za Nyumbani kwa Mama

Machi 2, Jumatatu

Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza daftari. Mkuu wetu wa kituo anasema kila mpima matetemeko awe na mahali pa kuandika yale yasiyohusu kazi, la sivyo ataishia kuyaandika kwenye taarifa za kazi. Alikuwa ananisema mimi. Mwaka jana niliandika kwenye taarifa kwamba "mto umenuna", nikiwa na maana ya ule mngurumo wa maji unaoingia kwenye vyombo vyetu msimu wa mvua, na wakubwa wa makao makuu wakapiga simu kuuliza mto unanunaje.

Basi niandike hapa. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta na kuangalia mistari kumi na miwili. Kila mstari unatoka kwenye chombo kilichofukiwa mahali fulani kando ya ufa mkubwa, ule ambao siku moja utaachia na kutikisa nchi nzima. Ardhi ikicheza, mstari unacheza. Mara nyingi ni lori limepita, au ng'ombe.

Mstari wa saba unatoka kwenye stoo ya mama yangu.

Machi 3

Vyombo vya mwanzo tuliviweka porini, na sola zake ziliibwa kabla gari letu halijafika barabara kuu. Ndipo tukaanza kutafuta nyumba za watu wenye sakafu ya saruji na mdomo mkali. Mama anavyo vyote viwili. Betri, fundi wetu wa mitambo, ambaye jina hilo tumempa kwa sababu ya betri nzito anazobeba, alichimba shimo kwenye sakafu ya stoo, akateremsha chombo, akafunika kwa mfuniko wa chuma. Mama alimwambia akiacha vumbi hatoki humo ndani. Alifagia mpaka sebuleni.

Ninaishi mjini, mwendo wa kutwa nzima kwa basi kutoka kwa mama, na kila asubuhi namwona anaamka. Hatua zake karibu na stoo ni ndefu kwenye mstari, na kadiri anavyoelekea mlango wa mbele zinafifia. Jioni huenda mlangoni, husimama, kisha hurudi. Nadhani anahakikisha amefunga.

Mkuu anaziita kelele, na kitaalamu ni kelele kweli. Napaswa kuzichuja kila siku kabla ya hesabu. Huwa nazichuja mwisho kabisa.

Machi 9

Mvua. Hakuna kitu.

Machi 14

Nimeongea na mama. Kila simu yake huanza na chakula changu na kuishia kwa kaka yangu.

"Kaka yako hajakupigia?"

"Hajapiga, mama."

"Sawa. Mtandao wa huko mgodini si mzuri."

Kaka alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi migodini, na namba yake ilishaacha kupatikana kitambo. Hatusemi zaidi ya hapo. Alikuwa mtu mzito wa miguu. Hakuwahi kubisha hodi maishani mwake, alikuwa anausukuma mlango kwa bega na nyumba nzima inajua amefika. Akirudi leo, mimi nitajua kabla mama hajainuka kwenye kiti. Nakiri kwamba kuna siku nautazama mstari wa saba nikitafuta hicho tu. Nalipwa mshahara kwa kungoja kitu kimoja, na muda huohuo namngojea mwingine.

Machi 15

Nimemkumbuka sana kaka leo. Sina la kuongeza.

Machi 27

Upande wa kaskazini wa ufa yameanza matetemeko madogo, mfululizo. Madogo kiasi kwamba hakuna aliyeyasikia isipokuwa sisi. Betri ameleta godoro ofisini. Mkuu ameacha kunywa chai, na hiyo kwake ni dalili kubwa kuliko mtambo wowote.

Machi 30

Yanaendelea. Niandike hesabu ilivyo ili nisije nikajidanganya baadaye.

Siku ya kawaida, uwezekano wa tetemeko kubwa ndani ya wiki ni mdogo mno, moja kati ya maelfu. Madogo yakianza kufuatana hivi, unapanda. Unafika labda moja kati ya mia. Kwa mpimaji hilo ni jambo la kukosesha usingizi. Kwa mtu wa mtaani maana yake ni kwamba mara tisini na tisa utaonekana mwongo. Madogo haya yanaweza kuwa yanatangulia kubwa, au yakawa ni yenyewe tu, na hayana alama ya kuyatofautisha. Tunayatambua yaliyotangulia baada ya kubwa kupita. Watu wamejaribu gesi, maji ya visima, tabia za mbwa. Kila njia ilikubali mara moja na kukataa mara zote zilizobaki.

Aprili 6

Mkuu ameongea redioni. Ameulizwa kama tunaweza kutabiri siku, akasema hapana. Akaulizwa tena, akasema hapana kwa maneno mengi zaidi. Nilipofika nyumbani mama mwenye nyumba wangu alikuwa ananisubiri pale ngazini.

"Sisi tuambie ukweli basi. Wewe tunaishi nawe."

Nilimwambia ukweli ndio huohuo wa redioni. Akanitazama kama mtu aliyenyimwa chumvi na jirani.

Aprili 12, Jumapili

Tumegombana na mama kwenye simu, kwa upole, yaani ule ugomvi wetu ambao kila mmoja anamwambia mwenzake apumzike.

Nyumba ile aliijenga marehemu baba kwa tofali za udongo. Kuta nene, paa zito, na hakuna mkanda wa zege juu ya kuta wa kuzishika pamoja. Nimeona picha za nyumba za aina hiyo baada ya tetemeko. Hazianguki upande, zinaanguka ndani. Haya matetemeko madogo tayari yameleta ufa juu ya mlango wa mbele, na mlango ukawa unakwama. Mama alimwita seremala aupige randa.

"Umetengeneza mlango, kuta umeziacha," nikasema.

"Mlango ndio unaokwama."

"Mama, njoo ukae kwangu. Mwezi mmoja tu."

"Kwako kuna chumba kimoja."

"Kinatosha."

"Kaka yako akija akute kufuli? Atakwenda wapi yule, huenda namba zetu alishazipoteza. Anachokijua ni mlango huu. Wewe niambie siku. Niambie linakuja siku fulani, nitatoka, nitakaa kwako hata wiki. Lakini usiniambie nihame kwa sababu ya labda."

Siku ndiyo kitu pekee nisichokuwa nacho. Nimesoma miaka yote hiyo ili niweze kumwambia mama yangu labda.

Aprili 13

Mvua, matetemeko madogo, mvua.

Aprili 20, Jumatatu

Mchana huu limepita moja la wastani. Hata mjini taa za darini zimebembea. Mistari yote kumi na miwili imeruka. Wa saba umeruka kuliko yote, kisha ukatulia kabisa.

Nikangoja hatua. Mkuu alikuwa ananiita nimsomee namba na mimi nikamwambia subiri. Sijawahi kumwambia Mkuu subiri. Mstari umelala, umelala, kisha hatua moja, mbili, zikafululiza, zikaenda zikififia mpaka mlangoni.

Nikatoka nje nikampigia simu. Alikuwa anahema. Lipu ya ukuta imeanguka juu ya kitanda chake, na yeye alikuwa jikoni, bahati. Akasema, "Mbona unalia, si nimekwambia nilikuwa jikoni?"

Nikasema, "Mama, linakuja Ijumaa."

"Nini?"

"Kubwa. Ijumaa hii. Panda basi kesho kutwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hakuna mtu duniani mwenye haki ya kusema sentensi ile, na mimi naijua sababu yake kuliko watu wengi. Nimeisema.

Aprili 22

Amefika. Begi moja, na blanketi la kaka ambalo hakutaka kuliachia panya. Kabla hajakaa ameshahamisha sufuria zangu zote.

Aprili 23

Nimekula chakula cha mama siku ya kazi. Nimelala nikimsikia anapumua. Ninaona haya na ninafurahi, na haya haijaishinda furaha.

Aprili 24, Ijumaa

Mvua kutwa. Ardhi imetulia kuliko siku zote za mwezi huu, kana kwamba inanikomoa.

Aprili 26, Jumapili

Sikuweza kuandika jana. Naandika leo nikiwa nimeketi kwenye gari la kituo, Mkuu kasinzia mbele.

Ijumaa jioni Betri alipiga simu akiwa njiani kukagua vyombo. Alikuwa amepita mtaa wa mama. "Kuna msiba gani huku?" akaniuliza. "Mtaa mzima uko nje." Watu wamelala uwanja wa shule chini ya maturubai, kwenye mvua, usiku wa pili. Maduka yamefungwa. Alipouliza akaambiwa mtoto wa yule mama mwenye mashine, anayefanya kazi kwenye mitambo, amesema ni Ijumaa.

Nikamgeukia mama. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama, uliwaambia majirani?"

"Niliwaambia."

"Wote?"

Akaweka ungo chini. "Ulitaka nitoke peke yangu?"

Nilikuwa nimewaza kila kitu, nikasahau kwamba mama yangu ni mtu mwema. Nikamwambia. Nikamwambia hakuna Ijumaa, hakujawahi kuwa na Ijumaa, niliitunga nikiwa nimesimama kwenye ua wa ofisi kwa sababu nilimwogopea. Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha, kisha akaanza kukunja blanketi.

Jana asubuhi nilimwendea Mkuu nikamweleza yote. Alinisikiliza akitazama dirishani. "Redioni nimesema hapana mara ngapi?" akauliza. "Sasa hapana yangu wameila mbwa." Akanivua zamu ya kutoa tahadhari mpaka msimu uishe, akamwambia dereva atie mafuta, na tukaondoka, yeye, mama na mimi. Mama alikaa nyuma akatazama nje safari nzima.

Leo asubuhi nimesimama uwanja wa shule mbele ya watu waliolowa. Nikasema nilidanganya ili mama atoke kwenye nyumba mbovu. Nikasema hakuna mtu, hapa wala nje, anayejua siku. Muuza mkaa, ambaye gunia zake zimelowa zote, alitikisa kichwa akaondoka. Mama mmoja hakuwepo kwa sababu mwanawe amelazwa, kifua. Hilo nitaishi nalo.

Bibi mmoja akanyoosha mkono. "Kwa hiyo halitakuja?"

"Litakuja."

"Lini?"

"Sijui."

"Inaweza kuwa leo?"

"Inaweza."

"Mwanangu," akasema, "wewe ulipokuwa mwongo tulikuelewa vizuri zaidi."

Watu wakacheka, na mimi ningecheka ingekuwa ni mtu mwingine amesimama pale. Mkuu akachukua nafasi, akaeleza vizuri, akaeleza na kile chombo cha stoo, kwamba si cha kutabiri, ni cha kusikiliza tu, na kwamba kinasikia mpaka mtu anavyotembea, kwa hiyo wenye nyumba wanaombwa utulivu.

Wakati wa kuondoka mama aliingia kwake na begi lake. Alinishika bega akasema safari njema. Hakusema mwanangu, na yeye huwa hasahau.

Aprili 28

Mtoto aliyelazwa ameanza kula. Betri ndiye kaniambia. Mimi sijathubutu kupiga huko.

Aprili 30

Mstari wa saba uko kimya.

Mei 1

Bado kimya. Chombo ni kizima, lori la barabarani nimeliona, mngurumo wa mto nauona. Hatua hakuna. Asubuhi hakuna, jioni hakuna. Simu ya mama inaita na haipokelewi. Majirani hawapokei yangu, na siwalaumu.

Mei 2

Kimya. Mkuu amepita nyuma yangu, akauangalia mstari, akasema kwamba wa saba siku hizi ni msafi sana, ndio bora kuliko yote. Nikaenda msalani nikalia. Miezi yote nimekuwa nikifuta kelele hizi na kuziita uchafu, na sasa natamani uchafu wangu. Nimemwomba Betri abadilishe ratiba, aanzie kwa mama.

Mei 4

Betri amerudi. Kaniambia kabla hajashusha begi, maana aliona uso wangu.

"Mzima kabisa. Kaninywesha uji, kanifagilisha."

"Mbona hatembei?"

"Anatembea. Ila havai viatu, anakanyaga kwa vidole. Na huko ndani hapiti kabisa, akitaka kwenda mbele anazunguka uani, kwenye matope. Godoro kalihamishia kwenye jiko la nje." Akajikuna shingo. "Anasema Mkuu aliomba utulivu. Anasema kazi yako aliiharibu mara moja, haiharibu tena. Simu nayo kaizima, eti isije ikaita karibu na mashine."

Mwanamke mwenye magoti mabovu anazunguka nyumba yake mwenyewe kwenye mvua, kwa ajili yangu. Nilidhani amenikasirikia.

Betri alikuwa amemwachia sharti moja, awashe simu jioni, akae nayo nje. Nikapiga.

"Mama, tembea."

"Mashine itasikia."

"Isikie. Mama, mimi kila asubuhi nakuangalia. Ukitoka chumbani nakuona. Ukienda jikoni nakuona. Jioni ukienda kukagua kufuli nakuona. Ukinyamaza najua umekufa."

Nikamsikia anavuta kigoda, anakaa.

"Siendi kukagua kufuli," akasema. "Naenda kulifungua."

Nikageukia mstari wa saba.

"Usiku naacha wazi. Akija asihangaike." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya kitu, "Wewe uliniambia tetemeko litakuja, siku hamjui, na watu wakakucheka. Mimi sikucheka. Mimi najua mambo hayo. Kaka yako atakuja, siku siijui. Unafikiri kuna anayenielewa?"

"Mimi nakuelewa, mama."

"Basi usinidanganye tena siku."

"Sitakudanganya."

"Umekula?"

Mei 5

Saa kumi na mbili asubuhi, hatua. Zimeanzia stoo, zikapita sebuleni, zikarudi, zikapita tena. Nadhani alikuwa ananisalimia. Mkuu akauliza wa saba umekuwaje tena. Nikamwambia kelele.

Mei 11

Matetemeko madogo yanapungua. Hatujui yalianza kwa nini, hatujui yanaisha kwa nini. Mkuu ameanza tena kunywa chai.

Mei 17

Hakuna kitu. Jua, mara ya kwanza.

Mei 23, Jumamosi

Leo si zamu yangu, nilifuata mwavuli tu. Nikatupia jicho wa saba nikiwa nimesimama.

Watu wawili.

Hatua za mama nazijua. Pembeni yake kulikuwa na nyingine, nzito, za mtu anayekanyaga bila kuomba ruhusa. Zimetoka upande wa mlango, zimekuja mpaka stoo. Zikasimama. Zikarudi mlangoni, nzito vilevile. Nikakaa. Mwavuli uliniponyoka na sikuuokota.

Sikupiga simu mara moja. Nataka niandike hili kama lilivyokuwa: nilikaa pale nikiwa na kaka. Alikuwa ndani ya nyumba, anazunguka, anauliza vitu vyake viko wapi, na mama anamfuata nyuma. Nilimpa hata njaa. Nikampigia mama ili wanipe na mimi sauti.

"Mama, kuna nani hapo?"

"Nani kakuambia kuna mtu?"

"Mstari."

Akavuta pumzi. Akaelewa, nikamsikia anavyoelewa. "Ni fundi, mwanangu. Fundi ujenzi."

Nikasema aha.

"Hata mimi," akasema taratibu. "Akipita nyuma yangu nageuka. Tangu asubuhi nageuka tu."

Tukakaa hivyo, yeye huko na mimi huku, hakuna aliyekata simu. Nyuma yake fundi alikuwa anapiga kitu nyundo, na kila akipiga mstari mbele yangu unaruka.

"Fundi wa nini?" nikauliza mwishowe.

"Ule mkanda wa zege uliousema. Anapima kuta. Atazungusha nondo juu, nyumba nzima, kisha alirudishe paa. Kasema tofali za baba yako bado nzuri, zinahitaji kushikwa tu."

"Nilikuomba miaka yote, ukakataa."

"Uliniomba nihame. Ukaniambia niogope. Mimi siogopi, nitaogopa nini umri huu?" Akamwambia fundi asikanyage mfuniko. "Lakini nikawaza, kaka yako akija akute kifusi, atajuaje kwamba tulimngoja?"

Juni 6

Mvua imekwisha. Wiki mbili za nyundo, mstari wa saba haufai kwa hesabu yoyote. Mkuu ameniambia nichuje saa zote za ujenzi, nimechuja. Kwenye taarifa nimeandika "ujenzi, nyumba inaimarishwa", na hakuna aliyepiga simu kuuliza. Kuna majirani watatu wameanza kumwulizia fundi huyo, mmoja wao ni muuza mkaa.

Kubwa halijaja. Litakuja.

Jioni hii fundi ameondoka mapema na kukawa kimya. Nikabaki ofisini nimsubiri mama. Akatoka stoo, akapita sebuleni, hatua zikififia mpaka mlangoni. Akasimama. Mimi nami nikaacha kila kitu nikasimama naye. Kisha akarudi, na mlango nikajua ameuacha wazi.